Kochi la Sabasaba

Dar es Salaam nyumba hubadilishwa sura kwa misimu, na kila mwenye nyumba anaijua kalenda yake. Kumi la mwisho la Ramadhani mitaa ya Kariakoo hugeuka mapazia matupu: yametundikwa kwenye kamba, yamening'inizwa milangoni mwa maduka, yamebebwa mabegani na vijana wanaotembeza bidhaa, na kila mama anayepita lazima avute pindo apime uzito wa kitambaa. Desemba ni zamu ya taa za kumetameta, miti ya plastiki na mashuka mekundu. Katikati ya mwaka, joto likiwa limepungua, kuna Sabasaba.

Siku yenyewe, 7 Julai, ni siku ya kuasisiwa kwa TANU mwaka 1954. Maonyesho ya biashara yaliyochukua jina lake huanza mwishoni mwa Juni, na kwa miaka ya karibuni hufungwa tarehe 13 Julai, katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Wengine huenda kutazama matrekta, wengine hufuata sufuria za bei ya maonyesho, watoto hufuata bembea. Nyumbani kwetu tunafuata samani. Tunaanzia mabanda ya Magereza na JKT, kwenye vitanda na meza za mbao ngumu ambazo watu wawili hawazinyanyui bila kupumzika njiani, tunapita kwa wauzaji wa samani za Uturuki na China, tunamalizia kwa mafundi wadogo waliobanana pembeni.

Wapo wanaosema kwenda kutazama vitu usivyo na fedha ya kuvinunua ni kujitesa. Mimi naona kinyume. Mtaani kwetu, Tabata, ukiingia sebule moja umeingia zote: makochi yamebandikwa ukutani pande tatu, meza ya kioo katikati, televisheni upande wa nne, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kinachoweza kubeba kitambaa. Mpangilio huo una sababu yake. Sebule yetu ni ya watu. Lazima ikae msiba, ikae posa, ikae kikao cha harusi, na ukuta ndio unaoacha nafasi kubwa katikati. Lakini mtu akizaliwa humo, akalelewa humo, akaolewa akahamia kwingine kwenye sebule ya namna ileile, atajuaje kwamba kiti kinaweza kukaa mahali pengine? Atajua siku atakapokiona. Ndiyo maana naenda Sabasaba kila mwaka, na ndiyo maana nitaendelea kwenda hata baada ya yaliyotupata.

Mwaka ule tulikuwa na jambo. Binti yetu wa kwanza alikuwa amepata mchumba, kijana wa Tanga, na wazee wa kwao walishatuma ujumbe kwamba mwezi wa nane wataleta barua. Baba watoto akaitazama sebule yetu kwa macho ya mshenga. Akaona kochi lililobonyea upande anaokaa yeye, akaona kapeti lililopauka penye jua la dirishani, akaona viti viwili vya mninga vya marehemu baba yake, vizito, virefu mgongoni, ambavyo watoto hutundikia sare za shule. Akasema, "Mama Rehema, wageni hawa hatuwapokei hivi." Nami sikuwa na ubishi. Baba anayemwozesha binti yake wa kwanza ana haki ya kutaka mlango wake uheshimike.

Tukaenda Sabasaba nyumba nzima: yeye, mimi, watoto, wifi yangu, na mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, na hutembea polepole huku akigusa kila ubao kwa kifundo cha kidole. Alipofika banda la Magereza akagonga meza, akasikiliza, akagonga tena. "Hii ni mbao," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kamili. Mimi niliganda mbele ya viti viwili vilivyowekwa mshazari, vimeelekeana kidogo, kijimeza kati yao, na taa moja ya mezani. Hakuna kilichogusa ukuta, kwa sababu ukuta wenyewe haukuwepo. Banda limezungukwa na watu pande zote. Ilionekana kana kwamba watu wawili wameinuka sasa hivi kutoka kwenye mazungumzo. Nilisimama pale mpaka wifi akanivuta mkono.

Baba watoto yeye alikuwa ameshafika mbele, kwenye banda la samani za kutoka nje, na huko ndiko alikolikuta. Kochi la umbo la L, mahameli ya kijani cha bahari, mgongo mfupi, miguu myembamba ya rangi ya dhahabu. Juu yake taa za manjano zilikuwa zimeelekezwa kwa ustadi, na kila mkunjo wa kile kitambaa ulikuwa na mwanga wake na kivuli chake. Akakaa. Akanyoosha miguu kwenye ile sehemu ndefu. Bei aliyotajiwa ilizidi ada ya shule ya watoto wetu wote kwa mwaka, akainuka kwa adabu, akamshukuru muuzaji, kisha akamwambia mwanetu wa pili, "Piga picha."

Picha ile ilikwenda kwa fundi mmoja wa makochi. Jina lake na mtaa wake naviweka kando. Alikuwa na karakana yenye kelele na maneno matamu. Aliitazama simu kwa muda mfupi akasema, "Mbona hii kazi ndogo, mzee wangu. Hizi nimeshatengeneza nyingi." Baba watoto akamuuliza lini atakuja kupima sebule. "Sebule za Dar zote nazijua," akajibu, akaomba nusu ya fedha ya kununulia vifaa. Mama mkwe aliposikia hakuna aliyekuja na futi, alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake. Kunyamaza kwake nakujua, na nilikuwa na wasiwasi tangu jioni ile.

Siku ya kuletwa kochi ikasogezwa, ikasogezwa tena, likafika Ijumaa jioni, wageni wakiwa njiani Jumapili. Lilikuja juu ya kirikuu, limefungwa kamba, na sehemu yake ndefu imetokeza nyuma ya gari huku kijana mmoja akiishikilia isianguke. Mtaa mzima ukatoka. Rangi ilikuwa ile. Umbo lilikuwa lile. Lakini lilikuwa limekua. Fundi alikuwa ameinua mgongo, kwa maelezo yake ili mzee aegemee vizuri, akapanua mikono, akaongeza kina, akatia miguu minene. Mama mkwe alisimama kibarazani akaliangalia kutoka mwisho hadi mwisho. "Mwanangu," akamwambia baba watoto, "hili litapita wapi?"

Halikupita. Mlango wetu una nafasi ya sentimeta 90 kutoka fremu hadi fremu, na bawa la mlango lenyewe likiwa kwenye bawaba hula sehemu ya nafasi hiyo. Kochi lilikuwa na kina cha sentimeta 105 na kimo cha 98. Hesabu yake ni rahisi, na nawaomba wasomaji waishike: kochi huingizwa kwa kulazwa au kusimamishwa, kwa hiyo kipimo kidogo kati ya kina na kimo ndicho kinachoamua. Kikiwa kikubwa kuliko mlango, utalizungusha mpaka usiku na mara nyingi litabaki nje. Na lile la L, lililoungwa kuwa kipande kimoja, lina pembe ambayo hata likiingia kichwa, mkia unakwama.

Vijana walijaribu kulilaza, wakalisimamisha, wakalipindua. Mlango ukang'olewa. Jirani akashauri fremu nayo ing'olewe. Mwingine akasema dirisha, mpaka tukamwonyesha nondo. Jirani yetu mchomelea magrili alikuwa ameshakwenda kuchukua mashine ya kukatia chuma nilipoweka mkono wangu kwenye dirisha nikasema grili hii haikatwi, nyumba yenye binti anayeposwa hailali dirisha wazi. Kimya kikapita. Fundi akakumbuka kwamba ana kazi nyingine Gongo la Mboto, akaahidi kurudi asubuhi.

Kochi likalala nje, chini ya mwembe, na kwa kuwa kitu cha thamani hakilali nje peke yake, baba watoto na wanangu wa kiume walilala juu yake. Walifunga chandarua kwenye tawi. Nilitoka usiku kuwapelekea shuka la pili, nikamkuta macho, anatazama juu. Akaniambia, "Nilitaka mshenga aingie mlangoni kwangu aone binti huyu ametoka kwenye nyumba." Nikamwambia ataona. Nilimaanisha, ingawa bado nilikuwa sijui namna.

Asubuhi fundi alirudi na msumeno. Akapasua kitambaa kwenye kona, akakata fremu katikati, na hapo sote tukaona ndani ya kochi letu. Kochi ni kitu cha imani. Mnunuzi huona kitambaa tu, na kazi yote iko chini yake. Fremu ilikuwa ya paini, mti laini unaopandwa kwa wingi kule Sao Hill, Mufindi. Paini si aibu. Ikikauka vizuri na kutiwa dawa inatengeneza fremu nzuri. Hii ilikuwa mbichi. Msumeno ulitoka na unyevu, harufu ya utomvu ikajaa uani, na vipande viwili vilikuwa bado na magome. Viungo vyote vilikuwa vya misumari peke yake, bila gundi, bila ubao mmoja kuchomekwa ndani ya mwingine. Badala ya springi palikuwa na vipande vya mpira wa tairi. Chini ya sponji nzuri ya juu kulikuwa na mabaki ya sponji ya rangi zote na viroba vilivyokunjwa. Mbao mbichi ikikauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo msumari ulioshika leo unabaki na tundu kubwa kesho. Kochi lile lingeanza kulia kila mtu anapokaa kabla ya binti yetu kuolewa.

Kipande kirefu kiliingia. Kilipowekwa sakafuni, mguu mmoja ukapasuka.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kochi la zamani tulikuwa tumeshamgawia jamaa wa Kimara aliyelifuata kwa furaha Ijumaa asubuhi. Wifi alikuwa akilia jikoni. Ndipo mama mkwe alipoingia sebuleni, akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni, akasema, "Toeni vyote."

Vikatoka vyote: nusu kochi, meza ya kioo, kapeti, stuli, kabati la vyombo ambalo lilikuwa limeziba theluthi ya dirisha tangu tulipohamia. Sebule ikabaki sakafu na kuta, na kwa mara ya kwanza nikaiona ina urefu kuliko upana. Mama mkwe akasema, "Hivi ndivyo vyumba vya kwetu." Akatueleza, huku akielekeza watoto wapi pa kufagia, kwamba nyumba za mawe za pwani zilikuwa na vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ukizidisha upana wa chumba, dari halina pa kushika. Basi watu wa kale hawakukijaza chumba. Walikaa chini, na uzuri wakaupeleka ukutani, kwenye zidaka, vile visanduku vilivyochimbwa ukutani kwa chokaa, safu juu ya safu kama wanavyoziona wageni wanaozuru Lamu, ndani yake vikapangwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyotoka China kwa majahazi. Mgeni alipoingia jicho lake lilipanda juu, naye mwenyewe akakaa penye nafasi. Nimesoma mengi kuhusu upambaji wa nyumba, lakini hakuna aliyenieleza chumba vizuri namna ile.

Tukatandika busati la jirani, juu yake mikeka miwili ya ukindu ambayo mama mkwe alikuja nayo kutoka Unguja, na takia kuzunguka kuta. Pazia zito likashushwa, ikabaki shea, mwanga ukafika mpaka mlango wa korido. Kisha mimi nikavifuata vile viti viwili vya mninga vilivyokuwa uani. Nikavifuta, nikavipaka mafuta kidogo, nikataka kuvirudisha ukutani kama vilivyokuwa miaka yote. Mkono ukasita. Nikalikumbuka banda la Magereza. Nikaviweka kwenye kona penye mwanga, mshazari, vimeelekeana kidogo, stuli katikati. Mama mkwe akatazama, akasogeza kimoja inchi moja hivi, akasema, "Hapa atakaa mshenga, na hapa mwanangu. Watazungumza bila kupigiana kelele."

Wazee wa Tanga walifika Jumapili baada ya adhuhuri. Walivua viatu, wakakaa mikekani wakiwa wamestarehe, na mshenga, mzee mwenye goti bovu, alishukuru mno kupata kiti. Barua ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe, ikapokelewa kwa taratibu zake. Kabla ya maneno makubwa kulikuwa na ule ukimya wa watu wasiofahamiana, na aliyeuvunja ni mshenga mwenyewe. Alikuwa akipapasa mkono wa kiti. "Hii mninga ya wapi?" akauliza. Baba watoto akajibu kwamba ni ya Tabora. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa reli, viti alichongewa huko akaja navyo kwa treni alipostaafu. Kumbe mshenga naye alikulia Urambo. Wakaingia kwenye mambo ya msituni: jinsi mninga unavyotoa utomvu mwekundu ukipigwa shoka, jinsi unavyochukua miongo ya miaka kufikia unene wa kupasuliwa mbao, jinsi mbao yake isivyopinda hata ikihamishwa kutoka bara kavu ikaletwa kwenye unyevu wa pwani. Wazee wengine wakasogea. Pilau ilipoletwa walikuwa wameshaanza kuitana mkwe.

Sikuandika haya ili mtu aseme vya kale ni bora, vya maonyesho ni upuuzi. Lile kochi la kijani lilikuwa zuri, na jicho la baba watoto halikukosea. Wiki iliyofuata mwanetu wa pili aliifungua ile picha akaikuza kwenye simu mpaka mahameli yakawa chembechembe, akaniita. Kati ya sehemu ndefu na kona kulikuwa na mstari mwembamba. Na mwingine upande wa pili. Kochi lile lilikuwa vipande vitatu, vinavyoingia mlangoni kimoja kimoja na kushikana kwa vyuma vilivyofichwa chini. Fundi aliyesema ameshatengeneza nyingi hakuwa ameuona mstari ule.

Tuliipeleka picha Keko, kunakojulikana kwa mafundi samani, kwa mzee mmoja ambaye kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kupanda daladala akaja Tabata na futi yake. Akapima mlango, korido, umbali wa dirisha kutoka sakafuni. Akamwuliza mama mkwe anakaaje, akapima urefu wa mguu wake kutoka kisigino hadi gotini ili kiti kisimnyanyue. Alikataa kuanza mpaka mbao zake, alizozipanga kwa hewa na vijiti katikati, zimalize kukauka. Sponji nzuri ya lile kochi la kwanza aliiokoa, mahameli pia, ingawa sebuleni kwetu, kwenye taa nyeupe ya dari, kijani cha bahari kilionekana karibu na kijivu. Alituambia jambo ambalo ningependa kila mwenye kununua kitambaa alijue: omba kipande, nenda nacho nyumbani, kitazame dirishani mchana na chini ya taa yako usiku. Taa za maonyesho hazihami na kochi. Sisi tukaichomoa ile taa ya dari, tukaweka ya manjano, rangi ikarudi.

Kochi likaja kwa vipande vitatu na likaingia mlangoni watoto wakila chakula cha mchana. Halikubandikwa ukutani. Limeacha njia nyuma yake ya mtu mmoja kupita, na majirani wanaokuja huuliza kwanza kama tunahama. Viti vya mninga havikurudi uani.

Sabasaba iliyofuata baba watoto alikwenda na futi mfukoni. Alipima kila alichokipenda, kina, kimo, upana, akainua mito kutazama viungo, akanyanyua kochi kwa kona moja ya mbele kuona kama mguu wa pili unafuata mapema, kwani fremu imara hunyanyuka yote pamoja na dhaifu hujipinda kwanza. Wauzaji walimheshimu. Kijana mmoja alimletea hata tochi. Wifi alikuwa ameshamkamata fundi wa jipsamu anamweleza habari za dari letu, la ngazi mbili, lenye taa za kujificha, na mama mkwe anamwuliza yule fundi dari likishuka ngazi mbili feni itakaa wapi. Walikuwa bado wanabishana tulipofika geti la Barabara ya Kilwa, na baba watoto ananisomea kutoka kwenye karatasi yake: kabati la vitabu, kimo sentimeta 210, kina 35, na je, ule ukuta wa pembeni mwa dirisha letu una upana gani, au nishuke Tabata nipime kwanza kabla hawajafunga.